Sampuli ya Tisa

Mzee Bundala alizikwa Jumamosi iliyopita kwao Samuye, pembeni ya shamba la mtama, na aliyesoma wasifu wake alitueleza kwamba marehemu alipima vyuma maisha yake yote na kipimo chake hakikuwahi kukosea hata mara moja. Watu wakaitikia kwa sauti ya chini, kina mama wakafuta macho. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya nne chini ya turubai, na niliposikia maneno yale nilishikwa na hasira hadi dada mmoja pembeni yangu akaniuliza kama najisikia vibaya, akanipa maji. Nilimpenda yule mzee, niseme hilo mapema nisije nikaeleweka vibaya. Ufundi unaonilisha leo, unaofanya vijana wa chuo cha ufundi pale Shinyanga mjini waniite mwalimu, ni mkono wake. Lakini kuna mwaka mmoja tuliofanya kazi pamoja Geita ambao wasifu uliuruka kama mtu anavyoruka tope, na alipokwisha kufukiwa nikatambua kwamba anayejua vizuri kilichotokea mwaka ule nimebaki mimi peke yangu. Ugali uliletwa, na nyama, nikamwachia yule dada sahani yangu.

Sasa ni miaka minane imepita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mbishi, najiona najua kemia kuliko walioigundua. Karakana yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Geita, kwenye ghala lililowahi kuhifadhi pamba, na hata baada ya kupakwa rangi mara mbili bado siku za joto lilitoa harufu ya mafuta ya mbegu. Chumba cha mbele kilikaa mashine ambayo sote tuliiita printa. Ilitandaza unga wa chuma laini kuliko unga wa muhogo, mwale wa leza ukapita juu yake ukiyeyusha pale tu panapotakiwa, kisha unga mwingine ukatandazwa, leza ikapita tena, tabaka juu ya tabaka, hadi kesho yake unafukua humo ndani kipuri cha pampu au cha bomba kilichokamilika. Planti za kuchenjulia dhahabu zilizoea kusubiri vipuri kutoka ng'ambo kwa miezi, sisi tuliwapa kwa siku mbili. Mafundi wa kuchomelea wa mtaani walikuja kuichungulia dirishani. Mmoja alituuliza kama inaweza kuchapisha dhahabu. Tulipomwambia hapana, akasema basi ni mashine ya kawaida tu, akaondoka.

Chumba cha nyuma kilikuwa chetu, mimi na Mzee Bundala. Kazi yetu ilikuwa kujua kama chuma kilichozaliwa na ule unga kitahimili kutu. Planti zile hutumia maji ya moto yenye soda kali na sianidi, na maji yenyewe ya visima vya huko yana chumvi, na chumvi ndiyo adui, kwa sababu chuma kisichoshika kutu nacho hutobolewa na chumvi polepole, kwa vitundu vidogo ambavyo juu havionekani na ndani vimeshafanya mapango. Kwa hiyo kila kipuri kilipochapishwa, tulichapisha pamoja nacho vipande vidogo vya ukubwa wa kiberiti. Hivyo ndivyo vilikuwa sampuli zetu. Tulivipima uzito kwenye mizani iliyokaa ndani ya kioo, tukavitundika kwa mshipi wa kuvulia samaki ndani ya ndoo yenye maji ya planti yaliyopashwa moto, tukaviacha mwezi mzima. Baadaye tulivitoa, tukavipiga brashi, tukavipima tena. Uzito uliopungua ndio chuma kilicholiwa.

Ila kabla ya yote hayo, sampuli ilipaswa kusuguliwa. Kwa Mzee Bundala hii ilikuwa kama ibada. Alikulia Mwadui, alijifunza kazi enzi za chuma cha kumiminwa na cha kufuliwa, na alifundishwa kwamba vyuma viwili huwezi kuvilinganisha mpaka vyote viwe safi kwa kiwango kimoja. Basi tulisugua kwa msasa mkavu, kisha msasa wa maji, kisha ule laini kabisa, hadi vidole vikafa ganzi. "Kabula," alikuwa akiniambia, "usiniletee mpaka uone meno yako humo." Mimi nilimwonyesha meno yangu kwenye chuma na kwenye uso pia, akacheka. Mchana tulikula pamoja matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, yenye karanga, kutoka kwenye kontena la chakula alilofungiwa na mkewe, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi kwenye kiti, maana alikataa kabisa kukaa kwenye kiti wakati mimi nimesimama. Nani asingempenda mtu kama huyo?

Nilipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja. Chumba cha pili yangu walikaa Manueli na mkewe, Mama Neema, na mtoto wao aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutambaa. Manueli alikuwa fundi pampu kwenye planti moja ya hapo Geita, mtu wa Kishapu, mrefu, mwenye maneno mengi ya Kisukuma yaliyochomoza katikati ya Kiswahili chake. Asubuhi alinisalimu "Mwangaluka, Dada wa Maabara," na jina hilo likanishika, hata muuza mkaa akaniita hivyo. Kuta za nyumba ile hazikufika juu, hazikuwa na dari, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yalipita juu ya ukuta yakaingia kingine. Nilijua lini wamegombana, lini wamepatana, na lini Mama Neema amechoshwa na shemeji zake. Wao nao bila shaka walijua ninavyoimba vibaya. Kula nilikula kwao zaidi ya kwangu. Mama Neema alipika nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga akaniita kwa kugonga ukuta kwa mwiko, nami nikaenda na kijiko changu kama mtoto.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule planti ya kina Manueli ilileta oda. Walitaka elbo, yaani kiungo cha bomba kilichopinda, chenye sahani ya kufungia nati nane kila upande. Elbo yenyewe ilikuwa inakaa pale maji ya moto ya soda yanapotoka kwenye kichemshio yakisukumwa kwa presha. Ya zamani ilikuwa imepasuka, wameifunga kiraka, na walitaka mpya iwe tayari kabla kiraka hakijaachia. Tukachapisha elbo, tukachapisha na sampuli tisa. Nilizisugua nane. Siku niliyopaswa kusugua ya tisa nilikuwa na malaria, mifupa inauma, macho hayaoni vizuri. Nikaipima jinsi ilivyo, ikiwa bado na ngozi yake ya printa inayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, nikaitundika na wenzake, nikaenda kulala. Nilijiambia nitaitoa kesho niisugue. Kesho nilisahau.

Mwezi ulipoisha tulizitoa. Nane zilikuwa zinang'aa vilevile, uzito karibu haukubadilika. Ya tisa ilitoka na madoa ya kahawia. Nilipoipiga brashi niliona vitundu, nikaiweka chini ya hadubini nikaona zaidi: kila palipokuwa na chembe ya unga ambayo leza haikuiyeyusha vizuri, chumvi ilikuwa imejichimbia chini yake. Kipande kilikuwa kinalika kutoka pembeni hadi kati. Nikamwita mzee. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu, mikono nyuma. Alipoinuka akafuta miwani.

"Hii haikuandaliwa," akasema.

"Ndiyo mzee, niliisahau. Nilikuwa naumwa."

"Sampuli isiyoandaliwa si sampuli. Itupe."

Sikuitupa papo hapo. Nikamwambia lile ambalo lilikuwa limenijia pale pale, na ambalo nadhani lilikuwa limemjia na yeye: "Lakini mzee, elbo yenyewe ndani haikusuguliwa. Haisuguliki. Imepinda, mkono hauingii. Inayokwenda kufungwa kule inafanana na hii ya tisa, haifanani na zile nane."

Nje mtu alikuwa anagonga bati, na kila pigo nililihisi kichwani. Kisha akasema, kwa upole, na upole huo ndio unaonichoma mpaka leo: "Mwanangu, kiraka cha wale watu hakitamaliza wiki. Kikiachia wakati watu wako chini yake, utasema tuliwachelewesha kwa ajili ya kipande kimoja ambacho wewe mwenyewe ulikikosea? Utaratibu ndio unatulinda. Tukianza kuhesabu na makosa yetu, hakuna kipimo tena." Halafu akaenda kunawa mikono. Nikaandika ripoti ya sampuli nane. Nikaandika kwamba chuma kinafaa. Mstari wa aliyefanya kipimo nikaweka saini yangu, yeye akaweka ya kuidhinisha. Sampuli ya tisa niliitupa mwenyewe kwenye pipa la vyuma chakavu, ikagonga chini, nikaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Najua jibu ambalo ningependa liwe kweli, kwamba nilikuwa mdogo na yeye mkubwa. Lakini nilikuwa mbishi, nimeshasema, nilibishana naye kuhusu mambo madogo kila siku, kuhusu redio, kuhusu nani afagie. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nisingeweza kuitetea sampuli ile bila kueleza watu kwamba niliiingiza kwa uzembe, na kazi ile niliipenda mno kiasi cha kutotaka kuonekana mzembe. Hilo tu. Sina jingine kubwa zaidi la kujitetea nalo.

Jumapili iliyofuata, mchana, nimejilaza chumbani, nikasikia kupitia juu ya ukuta Mama Neema akimuuliza mumewe kama hicho kitu kipya cha kuchapishwa anakiamini. Alisema kwa wasiwasi wa mke, si wa fundi: kitu kinatokaje kwenye unga kikahimili moto? Manueli akacheka. "Kimepimwa na Dada Kabula. Nimeona saini yake kwenye karatasi. Haina neno." Nilikuwa umbali wa hatua nne kutoka kwake. Kilichohitajika ni kuinuka, kugonga mlango na kusema subiri kwanza. Nililala pale nikitazama miti ya paa mpaka wakaanza kuzungumza habari nyingine.

Elbo ilidumu karibu wiki kumi. Ilipasuka asubuhi, saa nne hivi, Manueli amesimama mbele yake anasoma geji. Maji ya soda yalimpiga usoni na kifuani. Wenzake walimburuta hadi kwenye bomba la kuoshea macho, na bomba lile lilikuwa linatoa maji kwa kudondoka. Nilipata habari kwa simu ya jirani. Nilipofika zahanati alikuwa ameshapelekwa Mwanza, nikamkuta Mama Neema kwenye benchi na mtoto mgongoni, ameshika buti moja ya mumewe. Akaniambia, "Dada, wamesema atapona." Aliponitazama usoni nadhani alitegemea nikubali, nami nikakubali. Alipona ngozi, kwa kiasi. Macho yote mawili yalikufa.

Planti iliunda kamati ya watu watatu. Waliniita mimi na Mzee Bundala kwenye chumba cha mikutano chenye feni inayolia na meza iliyojaa chupa za maji. Kabla ya kuingia tulipewa kipande cha elbo tukiangalie, na hapo ndipo nilipoona mambo mawili. La kwanza, ufa ulianzia ndani, kwenye vitundu vya kahawia ambavyo nilikuwa nimeshaviona chini ya hadubini. La pili lilikuwa kwenye nati nane za upande huo uliopasuka. Fundi mzuri akikaza nati kwa spana ya kipimo, mara tu spana inapolia kuonyesha nguvu inatosha, huchora mstari wa rangi unaopita juu ya nati hadi kwenye sahani, ili mtu akiigusa tena mstari uvunjike. Manueli alikuwa amechora mistari minane myeupe, na yote minane ilikuwa imenyooka. Mzee Bundala aliona kama nilivyoona. Alikigeuza kile kipande mkononi mara mbili, akakiweka mezani upande wa ndani ukiwa chini.

Mwenyekiti wa kamati aliniuliza kama sampuli nilizopima zilionyesha tatizo lolote. Nikasema hapana. Aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Mzee akaeleza kwa utaratibu wake kwamba ufa wa namna hii, karibu na shingo ya sahani, huweza kutokea nati zikikazwa kupita kiasi. Alisema "huweza". Kamati ikaandika kwamba ndivyo ilivyokuwa. Fundi alizidisha nguvu. Manueli alisomewa barua hiyo akiwa bado amefungwa bandeji machoni, na kazi ikaishia hapo. Walihama nyumba ile mwisho wa mwezi huo kurudi Kishapu. Siku ya kupakia vitu nilijifanya nina zamu.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Wiki moja baada ya kamati, tulipokuwa tunaandaa sampuli za oda nyingine, Mzee Bundala aliniambia bila kuinua uso, "Nusu zisugue. Nusu ziache kama zilivyotoka." Tangu siku hiyo hadi nilipoondoka tulipima kwa njia mbili, na vipuri vingi tulivikataa, na sifa ya karakana ikapanda, watu wakasema Bundala ni mkali. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu hadi leo: pima chuma kama kitakavyokwenda kufanya kazi, si kama unavyotamani kiwe. Wananakili. Hawajui somo hilo limelipiwa na macho ya nani. Tulichokula na mzee mchana kilikuwa kilekile, lakini tulikula bila mazungumzo, na miezi iliyobaki ya mwaka ule sikumbuki hata siku moja aliyocheka.

Jumapili, siku moja baada ya mazishi, sikurudi nyumbani. Nilikwenda Mhunze, huko Kishapu, nikauliza kwa fundi Manueli asiyeona, nikaelekezwa. Nilimkuta kivulini anasokota kamba za kufungia ng'ombe, miguu ameinyoosha, makovu yakiwa yameshuka shingoni hadi ndani ya shati. Nikasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, kaka Manueli."

Mikono ikasimama. "Marahaba. Hiyo sauti..." Akainamisha kichwa. "Dada wa Maabara! Mama Neema, njoo uone! Karibu, dada, karibu sana." Alikuwa anafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa furaha.

Nililetewa kigoda na maziwa ya mgando. Nikamwambia Mzee Bundala amefariki, akasikitika kwa dhati, akasema alikuwa mtu wa watu. Halafu akaanza yeye mwenyewe, bila kuulizwa, huku akiendelea kusokota. "Mimi bwana nilijiponza. Kila siku naifunga ile elbo upya kichwani. Nati ya kwanza, ya tano, ya tatu, ya saba. Naona ni ile ya tatu. Nafikiri niliiongeza robo. Najaribu kukumbuka kama spana ilishalia, sikumbuki. Mkono wangu ulikuwa na nguvu sana, dada, huo ndio ulikuwa ubaya wangu."

Basi nikamweleza. Nilieleza yote kama nilivyoyaandika hapa, sampuli, ngozi ya chuma, saini, mistari minane ya rangi. Kamba ilikuwa imemdondoka mapajani. Nilipomaliza akauliza, "Mzee alijua?"

"Alijua."

"Na wewe?"

"Nilijua, kaka. Nilijua kabla hawajaifunga."

Mama Neema ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni na hakupandisha sauti. "Miaka mitano ya mwanzo huyu hakulala. Alikuwa anaamka anakaza nati hewani. Sasa ameshazoea kwamba ni kosa lake, ametulia, anacheka na watoto. Ulikuwa wapi? Umesubiri mwenzako afe ndipo uje?" Lilikuwa kweli. Nilimwogopa mzee angali hai, au niliogopa kumwaibisha, na woga huo niliuita heshima.

"Mama Neema," Manueli akasema, "lete daftari." Likaletwa la shule, na kalamu. "Andika. Usiniandikie barua ya kuomba radhi, mimi sitaki hiyo. Andika ripoti. Kama mlivyokuwa mnaandika kule, kwa namba, halafu uweke saini."

Nikaandika, daftari likiwa juu ya goti. Maneno yalikuja yenyewe, maana ni maneno niliyoyabeba miaka minane. Idadi ya sampuli, tisa. Zilizosuguliwa, nane. Isiyosuguliwa, moja. Matokeo ya isiyosuguliwa. Hali ya elbo baada ya kupasuka. Nikaweka saini na jina langu kamili.

"Soma."

Nikasoma. Alisikiliza ametega sikio, midomo ikinifuata. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho unaosema nati zote nane zilikazwa kwa kipimo sahihi na fundi hakukosea, akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Mama Neema akajifunika uso kwa khanga, akaingia ndani.

"Rudia."

Nilirudia mara nne. Mara ya tano sauti ilinikatika katikati ya sentensi, na yeye, viganja vyake viwili vikiwa wazi juu ya magoti, akasubiri nimalizie.